Jibu la Swali la Kumi na Nne

Hebu niambie: ungefanya nini siku ungekuta wadanganyifu wanatumia kitabu ulichokiandika wewe mwenyewe ili kuwakomesha wadanganyifu? Usikimbilie kujibu. Mtu ninayetaka kukusimulia habari zake alikuwa na jibu la kila kitu mpaka Jumatano moja, saa nne asubuhi, alipofungua faili la rangi ya kijani.

Ofisini walimwita Bwana Semina. Walianza kumwita hivyo kwa utani, na yeye akalipokea jina kama mtu anayepokea koti lililomkaa vizuri. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kabla ya ofisi alifundisha shule ya msingi miaka tisa, na ualimu haukumtoka. Mfuko wa shati lake haukukosa kalamu tatu za wino mzito, na akiongea nawe barabarani alikuwa akiandika hewani kwa kidole. Mkewe alikuwa fundi cherehani mwenye wateja wake pale pale sebuleni. Pamoja nao aliishi mdogo wake huyo mke, kijana wa miaka arobaini, ambaye alikuja kwa wiki mbili, na wiki hizo zilikuwa zinaingia mwaka wa tisa.

Kazi ya Bwana Semina ilikuwa katika Mamlaka inayosimamia soko la hisa. Kwa lugha nyepesi ni hivi: mtu akitaka kununua sehemu ndogo ya kampuni, yaani hisa, haendi tu kama anayenunua sabuni dukani. Anapitia kwa dalali mwenye leseni. Mamlaka ndiyo inayotoa leseni, na ndiyo inayopaswa kuhakikisha dalali hamuuzii bibi wa watu mbuzi kwenye gunia. Kampuni za madalali zilikuwa hamsini na tatu, zimetapakaa kila mji. Wakaguzi wa Mamlaka walikuwa sita, na mmoja wao alikuwa likizo ya uzazi.

Sasa piga hesabu mwenyewe uone kama inaingia akilini. Bwana Semina aliipiga, akaona haiingii. Ndipo akaanza kutafuta washirika, na akatafuta mpaka viatu vikaisha soli. Alikwenda kwa mkuu wa chuo cha biashara akaomba madarasa ya kutumia, wanafunzi wakiwa likizo. Akapewa matatu, moja halina feni. Alikwenda kitengo cha polisi kinachoshughulikia makosa ya fedha. Akaazimwa inspekta mwenye sauti ya radi, kila Alhamisi. Aliwaandikia wenzao wa Mamlaka ya nchi jirani barua kumi na moja zisizojibiwa. Ya kumi na mbili ikajibiwa, ikaja na mwalimu wa kuazima, mama mmoja mpole aliyefundisha akiwa amevua viatu.

Mwisho akaenda kwa Chama cha Madalali wenyewe. Mwenyekiti wa chama alimsikiliza huku akizungusha kiti chake kushoto na kulia.

"Bwana Semina, kwa hiyo unataka paka na panya wakae dawati moja?"

"Nataka wasome kitabu kimoja, mwenyekiti. Wakija kugombana, wagombane kwa lugha moja."

"Na kitabu chenyewe kiko wapi?"

"Nakwenda kukiandika."

Akakiandika kweli, kwenye meza ya kulia chakula, katikati ya nyuzi na vipande vya vitambaa vya mkewe. Kurasa tisini, jalada la bluu. Moyo wa kitabu ulikuwa fomu ya maswali kumi na manne. Kabla ya kumuuzia mteja hisa yoyote, dalali lazima aketi naye amuulize: una miaka mingapi, unamtegemea nani, nani anakutegemea, fedha hii ni ya nini. Swali la kumi na nne ndilo lililokuwa roho ya fomu: *Ukipata hasara, utafanya nini?* Jibu liandikwe kwa maneno ya mteja mwenyewe, yasipunguzwe wala kuongezwa. Mtu mwoga auziwe hisa tulivu. Mtu jasiri, mwenye cha kupoteza na kubakiwa, ndiye pekee anayeruhusiwa kuuziwa zile hisa za patashika.

Kitabu kilihitaji mfano wa mtu jasiri. Bwana Semina aliinua macho, akamwona shemeji yake amejilaza kwenye kochi na rimoti tumboni.

"Shemeji, ukipata hasara utafanya nini?"

Shemeji hata hakugeuka. "Mimi? Andika hivi: hasara ikinijia mimi, itajuta yenyewe."

"Muulize kwanza kama ana cha kupoteza," mkewe akasema kutoka kwenye cherehani, pini mdomoni.

Bwana Semina alicheka, akaandika. Nyuma ya kitabu akaweka fomu nzima ya huyo mteja wa mfano, imejazwa kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, juu yake akaandika kwa herufi kubwa: MAJIBU KAMILI. Alifanya kama mwalimu yeyote angefanya. Mwanafunzi akimaliza zoezi, afungue nyuma ajisahihishe.

Miaka minane ikapita hivyo. Wakaguzi na makarani wa madalali walikaa dawati moja, wakala mandazi ya mapumziko kutoka sahani moja, na kila darasa lilipofika kwenye jibu la shemeji lilicheka. Ilikuwa kazi nzuri. Nasema hivyo bila kejeli. Katika nchi ambamo ofisi mbili zilizo ghorofa moja haziazimani hata kibanio cha karatasi, mtu mmoja aliwaketisha pamoja chuo, polisi, majirani na madalali.

Na matunda yalikuwa yanaiva. Alhamisi, saa tatu asubuhi, makubaliano mapya yangesainiwa. Kuanzia hapo Chama cha Madalali kingejikagua chenyewe kwa miaka mitano na kuletea Mamlaka taarifa tu, kwa sababu ukaguzi wa miaka mitatu mfululizo ulikuwa umeonyesha mafaili safi mno. Wale wakaguzi sita wangegeuka walimu. Ukurasa wa mwisho wa makubaliano ulikuwa na nafasi ya saini ya mratibu wa mafunzo, yaani Bwana Semina, kuthibitisha kwamba kitabu na ukaguzi ni vya kuaminika. Bila saini hiyo, zile kurasa nyingine zote zilikuwa karatasi za kufungia vitumbua. Alikuwa ameshanunua kalamu ya kusainia.

Kilichobaki kilikuwa hotuba fupi. Alitaka aonyeshe wageni faili moja la kweli, akiwa ameziba jina la mteja, waone jinsi mafunzo yanavyomlinda mtu wa kawaida. Ndiyo maana Jumatano hiyo alipanda ngazi za kampuni moja ya udalali iliyokuwa juu ya duka la dawa, kampuni iliyopata alama mia kwa mia miaka mitatu.

Alipokewa na karani wa kumbukumbu, binti mnyoofu mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye vifungo. Pale ofisini walimwita dada wa mafaili. Ukutani nyuma yake cheti cha mafunzo kilikuwa ndani ya fremu, na kwenye cheti saini ya Bwana Semina.

"Mwalimu! Leo umetukumbuka. Unataka zuri kuliko yote?"

"Zuri kuliko yote, mwanangu. Kesho litasomwa mbele ya wakubwa."

Akamletea la kijani. Bwana Semina akalifungua kutokea nyuma, maana yeye alianza daima na swali la kumi na nne. Akasoma: *Hasara ikinijia mimi, itajuta yenyewe.*

Akaangua kicheko. Akadhani wamemtania, wamemwekea ukurasa wa kitabu chake ili kumfurahisha. Akafunua kutafuta jina la mteja. Mwanamke. Miaka sitini na minane. Mkunga mstaafu. Picha ndogo ya rangi imebanwa pembeni, uso wa mtu aliyeambiwa asitabasamu.

"Hili ni la mfano, siyo?"

"La mfano kwa nini, Mwalimu? Ni la mteja. Alikuja mwaka juzi."

"Lete jingine."

Akaleta. Fundi bomba, miaka hamsini na tisa, haoni vizuri jicho la kushoto. *Hasara ikinijia mimi, itajuta yenyewe.* Lete jingine. Mjane mwenye watoto wanne. *Itajuta yenyewe.* Lete jingine. Ilipofika saa tano na robo meza ilikuwa imejaa mafaili ishirini, na katika kumi na saba shemeji yake alikuwa akijigamba kutoka kwenye kochi, amevaa nywele za kila mtu na umri wa kila mtu. Wote kumi na saba walikuwa wameuziwa hisa za kampuni changa ya uchimbaji madini ambayo, kwa kadiri ilivyojulikana, ilikuwa haijachimba hata choo.

"Mwanangu," alisema polepole, "hawa watu walisema maneno haya?"

Dada wa mafaili alimwangalia kama mwanafunzi anayedhani ameulizwa swali la mtego.

"Walisema mambo mengi, Mwalimu. Mwingine analia, mwingine anakusimulia habari za mkwe wake. Sasa utaandika yote? Mwanzoni tulikuwa tunaandika, na wakaguzi wakatukata alama. Wakasema majibu yetu hayalingani na mwongozo. Ndiyo tukafungua nyuma ya kitabu. Si uliandika mwenyewe, majibu kamili?"

"Wakaguzi wetu waliyaona haya?"

"Kila mwaka." Akamtolea fomu ya ukaguzi. Kwenye mstari wa kumi na nne pameandikwa kwa mwandiko mzuri wa mkaguzi aliyekuwa mwanafunzi wake bora: *Limekamilika. Linalingana na mwongozo.* Pembeni, alama ya vema, nyekundu, nene.

Akairudisha fomu mezani. Yule binti hakuwa na hila yoyote. Mkaguzi hakuhongwa hata soda. Hakuna aliyekaa gizani akapanga njama. Walikaa dawati moja, wakasoma kitabu kimoja, wakafika mahali ambapo anayefanya mtihani na anayesahihisha wote wanafungua ukurasa ule ule wa nyuma! Na mteja ameketi katikati yao, mdomo wazi, hakuna anayemsikia. Miaka mitatu ya alama mia kwa mia! Nchi nzima ilikuwa inapongezwa kwa ujasiri wa mtu mmoja aliyelala kwenye kochi.

Aliandika anwani ya yule mkunga kwenye kiganja, akashuka ngazi.

Haikuwa mbali. Alimkuta uani anafua shuka, mikono imejaa povu hadi viwiko. Alijitambulisha kuwa ametoka Mamlaka.

"Karibu, mwanangu. Vuta hicho kigoda. Wewe sura yako si ngeni, isije ikawa nilikuzalisha mimi."

"Nilizaliwa mbali, mama."

"Basi wakunga wa huko walijitahidi. Haya, una shida gani?"

"Nina swali moja tu. Zile hisa ulizonunua. Ukipata hasara, utafanya nini?"

Mkunga aliacha kukamua shuka. "Nitafanya nini? Nitarudi kwa binti yangu nikabanane na wajukuu chumba kimoja. Kile ndicho kiinua mgongo changu chote. Kwa nini unaniuliza leo?"

"Siku ile hawakukuuliza?"

"Waliniuliza jina. Wakaniambia weka saini hapa, penye alama ya kalamu nyekundu. Kijana mwenyewe alikuwa na adabu, akaniletea na maji ya kunywa."

Bwana Semina akamsomea kilichoandikwa. Mkunga alicheka hadi akashika ukingo wa beseni.

"Nani huyo anayeongea kama mlevi wa harusini?"

"Fomu inasema ni wewe, mama."

Kicheko kilimkatikia njiani. Aliifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, akimtazama usoni bila kupepesa.

"Mwanangu, hela yangu ipo?"

Mtu aliyefundisha miaka kumi na saba, darasani na ofisini, alisema, "Sijui, mama," na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Saa tisa na nusu alikuwa mbele ya mkurugenzi wa Mamlaka, ambaye kila mtu alimwita Mama Mkurugenzi. Alimweleza yote bila kujiremba. Hakusema "kuna kasoro." Alisema: "Kitabu changu ndicho kilichofanya haya. Saini yangu kesho itakuwa uongo."

Mama Mkurugenzi alivua miwani, akaiweka juu ya makubaliano yaliyofungwa utepe. Nje ya mlango walisikika watu wakipanga viti.

"Mafaili mangapi?"

"Kumi na saba katika ishirini. Na hiyo ni kampuni moja."

"Mungu wangu." Alishika paji la uso. Alikuwa ameshtuka kweli. Bwana Semina alimfahamu miaka mingi, akajua haigizi. "Umemwambia nani mwingine?"

"Yule mteja, mkunga. Ofisini sijamwambia mtu."

"Wageni wameshatua. Yule mama wa nchi jirani yuko hotelini tangu asubuhi." Aliugusa utepe. "Hatuwezi kusaini hali ikiwa hivi."

"Ndiyo ninayosema, Mama."

"Basi niachie mimi. Nenda kapumzike, umefanya vizuri kuja kwangu kwanza."

Bwana Semina alitoka akiwa mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Aliiamini ofisi yake. Usimcheke. Mtu akiipa ofisi miaka yake mizuri yote, akiacha kuiamini atabaki na nini?

Nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Mkewe alikuwa anashona pindo la gauni la mteja, na shemeji alikuwa mahali pake. Bwana Semina alisimulia akiwa amesimama, hata viatu hakuvua.

Shemeji alikaa wima kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Ngoja. Kwa hiyo maneno yangu yanatumika nchi nzima?"

"Wewe mtoto, nyamaza!" dada yake akafoka.

"Nauliza tu, dada. Mtu hujui lini utakuwa maarufu."

"Kuna mama wa miaka sitini na minane," Bwana Semina alisema, "wamemvisha mdomo wako."

Shemeji alifungua mdomo kutania tena, ukabaki wazi. Akaweka rimoti chini. Akasema, na safari hii alisema kwa sauti ambayo nyumba ile ilikuwa haiijui: "Shemeji, unajua kwa nini nilikuja hapa kwa wiki mbili? Duka langu lilifilisika. Miezi mitatu sikupata usingizi. Ukiniuliza usiku nikiwa peke yangu, siwezi kukujibu vile. Mbona hukuniuliza vizuri?"

Mkewe aliusimamisha mguu kwenye kanyagio la cherehani. Bwana Semina alimtazama huyu mtu aliyekuwa amemlisha na kumtania miaka yote hiyo, akaona kwamba hata jibu la kwanza kabisa, la mezani pake mwenyewe, halikuwa limeulizwa. Aliliandika kwa sababu lilimchekesha.

"Kesho hawasaini?" mkewe akauliza.

"Hawasaini. Mkurugenzi ameahidi."

"Alisema hivyo kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Mkewe akaendelea kushona, lakini aliutazama uso wa mumewe mara mbili zaidi.

Asubuhi yake, saa moja na nusu, Bwana Semina alipitia kwanza kule kwa madalali. Alitaka kumwambia dada wa mafaili asiguse kitu na asiogope, kwamba kosa si lake. Alipokaribia duka la dawa aliona foleni ndefu ya wazee imeegemea ukuta, wengine wamekalia ngazi. Alidhani ni wagonjwa, labda kuna chanjo. Kisha akaona foleni haiingii kwenye duka la dawa. Ilikuwa inapanda juu.

"Kuna nini hapa, mzee?" alimuuliza mtu mmoja mwenye jicho la kushoto lenye ukungu. Akamtambua kwa picha: yule fundi bomba.

"Tumepigiwa simu jana jioni. Wanasema fomu zetu zina hitilafu ndogo, tuje tuweke saini upya. Dakika moja tu, kisha nauli tunarudishiwa."

Alipanda akiomba njia, akiruka miguu ya watu. Mlangoni pamebandikwa karatasi mpya: *Zoezi la Pamoja la Mamlaka na Chama cha Madalali.* Ndani meza zimepangwa safu moja. Kwenye ya kwanza alikaa dada wa mafaili, macho mekundu, shati halikupigwa pasi. Kwenye nyingine tano, kadi za kazi zikiwa zinaning'inia shingoni, waliketi wakaguzi wa Mamlaka. Watano. Wanafunzi wake. Karani anamwita mteja, mkaguzi anasukuma fomu, mteja anaweka saini, fomu inakwenda kwenye rundo. Maswali yote kumi na manne yalikuwa matupu, meupe pe. Chini tu, penye saini, palikuwa na alama ya kalamu nyekundu.

Hakuwahi kuwaona wakifanya kazi kwa kushirikiana vizuri namna ile.

Simu ikatetemeka mfukoni. Mama Mkurugenzi.

"Uko wapi? Wageni wanakunywa chai."

"Mama, ulisema hatusaini!"

"Nilisema hatuwezi kusaini hali ikiwa vile. Ndiyo inarekebishwa. Mpaka saa tatu kampuni hiyo itakuwa safi, nyingine tutazifuata taratibu. Unataka nini, tuaibike mbele ya majirani? Kazi yako ya miaka minane itupwe jalalani? Njoo, ukurasa wako unakusubiri."

Wakati huo mkunga alikuwa amefika kwenye meza ya mwisho. Mbele yake alikuwa binti mkaguzi, yule mwenye mwandiko mzuri. Binti alisukuma fomu, akaweka na kalamu juu yake.

"Hapa, bibi. Penye nyekundu."

Mkunga hakuigusa kalamu. Aliketi kitini vizuri, akauweka mkoba mapajani.

"Soma."

"Bibi, foleni ni ndefu."

"Binti yangu, nimezalisha mapacha watatu kwa mkupuo, na foleni ya wodini inafika getini. Foleni hainitishi. Soma."

Wazee waliokuwa nyuma wakaanza kunyoosha shingo. Mtu mmoja akasema, "Na mimi nisomewe." Msimamizi wa kampuni akatoka chumba cha ndani akiwa na tabasamu la kutuliza watu, akamkuta fundi bomba amesimama katikati ya njia na hasogei.

Mkaguzi alivuta fomu kwake. Alisoma swali la kwanza kwa sauti ndogo, mkunga akajibu, akaandika. La pili. La tatu. Saini za meza nyingine zikakoma. Bwana Semina alisahau kwamba ameshika simu, na sauti ya Mama Mkurugenzi iliendelea kumwita kutoka kiganjani mwake, ndogo kama ya mbu.

Binti akafika mwisho. "Ukipata hasara, utafanya nini?"

"Sitaweza kula," mkunga alisema. "Andika hivyo hivyo. Sitaweza kula."

Mkaguzi akaandika. Mwandiko wake mzuri ulikuwa umepinda.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, bibi."

"Basi sasa mniletee aliyeandika lile la kwanza. Nataka nimwone uso."

Binti aliinua kichwa, akatazama mlangoni. Wenzake wanne wakageuka, kisha dada wa mafaili, kisha foleni yote. Bwana Semina alikata simu, akaingia.